Posa Iliyorudi na Wino Mwekundu

Kwa dada yangu Bi. Mwajuma, Kilwa.

Shikamoo dada. Kabla ya jambo lolote nakuuliza goti lako, macho yako, na lile paa la uani, maana mara ya mwisho vyote vitatu vilikuwa vibovu. Mie mwili mzima, moyo ndio umechacha.

Anayekusomea asiruke neno. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikwenda kwa mwandishi wa sokoni. Hapa Buguruni wazee wa rika langu wanaojua kuandika tuko wawili, na huyo mwenzangu haoni.

Uliniuliza harusi ya mwanangu Idi ni lini, ili upande lori kabla Rufiji haijafurika. Sikukujibu kwa sababu posa ilirudi.

Niliiandika mwenyewe, kurasa nne. Msichana ni Rehema, binti wa Mwalimu Shabani anayefundisha shule ya serikali. Nikaeleza sisi ni nani, tumetoka wapi, na nyumba nilizojenga toka hapa hadi Temeke, wala haijainama hata moja. Na mama yake Idi, marehemu, nikamtaja kwa jina na ukoo, kama alivyousia kitandani nawe umekaa pale pale: mwanangu asije akaoa kwa watu wasiojua jina langu. Nikaifunga barua katika leso mpya, mshenga wetu Mzee Feruzi akaipeleka Ijumaa baada ya sala.

Jumapili Feruzi karudi na leso ile ile. Kwetu wajua, posa ikirudi hivyo mmeshafukuzwa.

"Wamekataa?" nikamuuliza.

"Hawakukataa, bwana. Wamesahihisha."

"Posa inasahihishwa?"

"Mie nimetumwa tu. Mwalimu kasema uirekebishe, uirudishe."

Nikaifungua. Dada, utadhani kuku kachinjiwa juu ya karatasi! Hapa kakata, hapa kazungushia, pembeni kaandika: sentensi ndefu mno. Usianze na "na". Umerudia. Usijisifu. Na chini kabisa neno moja: Jitahidi. Mie, mwenye mvi hadi kifuani, naambiwa jitahidi!

Feruzi mdomo wake hauna komeo. Kesho yake, nimekaa tu kwenye kahawa, mtu akauliza, "Mzee Mbwana, umefaulu au unarudia darasa?" Wakacheka hadi muuza kahawa akajimwagia.

Nikaenda kwa mwalimu mwenyewe. Akanipa shikamoo, maana heshima ya mdomoni anayo.

"Nisamehe mzee wangu," akasema. "Ni mazoea ya mkono. Nikishika karatasi yenye maandishi, kalamu inakwenda yenyewe. Lakini maadam tumeshaanza, afadhali iwe safi. Nitaisoma mbele ya kaka zangu."

Nikamwambia kurudia ndiyo kazi yangu. Nyumba ni fito juu ya fito, ukiniambia ufito mmoja umetosha utalala nje. Na nukta mie naziweka pale mkono unapochoka. Akacheka. Hayo yote ningemwachia, dada, hata nyumba zangu ningemwachia azifute. Nikamwonyesha pale alipomkata mama yake Idi, mistari miwili ya wino, na kando yake: haya hayahusu.

"Marehemu hana nafasi katika posa, mzee. Barua iwe na jambo moja."

"Kwani huyu kijana nimemzaa peke yangu?"

Akainamisha macho kwenye karatasi. Lakini hakusema mrudishe.

Nikaapa siandiki tena, nikakaa na kiapo changu wiki tatu. Idi hakunivunjia adabu, ila akawa hali, sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka. Siku moja kaja na karatasi, kaiandika yeye, mistari tisa.

"Baba, tia sahihi tu," akasema. "Kuna watu wengine wameshapiga hodi kwa kina Rehema."

Nikaisoma mara mbili. Mie simo, nyumba hazimo, mama yake hayumo. Ni maneno ya mwalimu matupu, kafuata wino mwekundu wote. Yaani mtu kajiposea binti yake mwenyewe, kisha kajijibu kwamba amekubali!

Nimetia sahihi, dada. Nimeshindwa na watoto wawili wanaopendana, kalamu ya mwalimu isijigambe.

Feruzi kaipeleka, na safari hii leso haikurudi. Harusi ni mwezi ujao, basi njoo. Shemeji mumeo msalimie sana, mwambie shoka lake ninalo na bado linakata. Nisalimie mdogo wetu wa mwisho, mvuvi wa pweza, na mkunga yule jirani yako aliyempokea Idi duniani, kama angali hai.

Nawe, shangazi mtu, watakukalisha mkekani katikati ya wanawake wao. Wakikuuliza wewe nani, usiseme shangazi wa bwana harusi ukanyamaza. Sema: kijana huyu ni mwana wa Mwanaidi binti Saidi, mtu wa Kilwa, aliyekata roho mikononi mwangu. Sema kwa sauti, hadi mwalimu asikie huko barazani aliko. Kisha sema tena. Wakikwambia umerudia, waambie ndiyo, na uanze upya.

Ni mimi nduguyo Mbwana bin Hamisi, fundi wa nyumba, mume wa Mwanaidi binti Saidi.