Kumbusho la Saa Moja

Mpendwa Baba Rukia,

Salamu zangu zikufikie huko uliko. Nakuandikia kwa kompyuta yako ile ile, nimekaa kwenye kiti chako. Mto wake nimeutoa, ulikuwa umekwisha kabisa na nilikwambia hivyo kabla hujaumwa ukanijibu bado unafaa. Duka nimelifungua. Mashine ya fotokopi bado inatafuna karatasi ukiijaza sana. Watu wakiniuliza hali nawajibu alhamdulillahi, wanaridhika, wananipa karatasi zao nizidurufu.

Ukweli ni kwamba nimekufa ganzi. Nililia siku tatu za mwanzo, watu wakiwa wamejaa ukumbini, halafu machozi yakakatika kama maji ya bomba na mpaka leo hayajarudi. Nilikaa eda miezi yote minne na siku kumi, humu ndani, na mlango wa dukani umefungwa hatua sita kutoka kitandani pangu. Kompyuta niliifunika khanga. Eda ilipokwisha tukagawa nguo zako, kama inavyotakiwa. Kanzu zilikwenda kwa ndugu zako, kofia zikaenda msikitini. Kwenye mfuko wa koti la kijivu Rukia akatoa karatasi ya vidonge vyako vya presha, hata kimoja hakijatobolewa. Nikamwambia mwanao kwamba bila shaka ulikuwa umetoka kuvichukua duka la dawa. Nikaendelea kukunja nguo.

Unakumbuka tulivyoanza hii kazi? Kompyuta mbili za mitumba, na kila mteja anakuja na flashi yake, na kila flashi inakuja na virusi vyake. Barua ya mtu inaingia nzima inatoka haifunguki. Ukachoka, siku moja ukafuta kila kitu ukaweka mfumo mwingine usioshikwa na virusi hivyo, Linux. Nilikuuliza hiyo ni ya nchi gani. Ulicheka mpaka ukavua miwani, na mimi nikanuna, kwa sababu swali langu lilikuwa swali la maana. Baadaye nikaizoea kuliko wewe. Ulinikuzia herufi kwa sababu ya macho yangu, ukahamishia saa chini kulia ninakotazama, na ile kamusi inayopiga mistari myekundu chini ya maneno ukaifundisha majina ya wateja wote. Mwanahawa, Kidawa, Mwinyimvua, mmoja mmoja, kila alipokuja mpya. Nilikwambia unapoteza muda. Ukasema, "Jina la mtu si kosa, Mama Rukia. Lisipigiwe mstari."

Ni wewe uliyenionyesha mahali yanapokaa hayo yote. Ulisema kila tunachopenda mashine inakiandika pembeni, kwenye folda ambazo majina yao yanaanza na nukta, na kwa sababu ya nukta hiyo hazionekani. Ukabonyeza Ctrl na H. Zikajitokeza hapo hapo tulipokuwa tunapaona siku zote: .config, .local na nyingine chungu nzima, rangi zao zimefifia. Nikashtuka kwamba zilikuwepo muda wote. "Kazi za wateja ni mizigo ya watu," ukaniambia. "Sisi wenyewe tumo humu."

Sikuelewa vizuri mpaka siku ile ya kadi za harusi. Ulipandisha mfumo kwenda toleo jipya asubuhi, bila kugusa folda zile, kwa haraka zako. Deskitopu mpya ikaamka, ikasoma maagizo ya ile ya zamani, ikachanganyikiwa. Menyu ikapotea, mstari wa chini wenye saa ukapotea, kikabaki kioo kitupu na kishale kimesimama katikati. Bwana harusi kasimama mlangoni anataka kadi zake. Ulimwambia mashine inapumzika kidogo. Ilipumzika mpaka alasiri, na wewe jasho linakutiririka, na yule bwana amekaa kwenye benchi letu anakula vitumbua vyangu bila kuulizwa.

Baada ya hapo ukatunga utaratibu wako, ukaufuata kama swala. Kabla ya kupandisha toleo, ile .config unaibadilisha jina unaiita stoo. Deskitopu mpya inapoamka haikuti kitu, inajitengenezea mipangilio yake mipya. Halafu unarudisha vya zamani kutoka stoo kimoja kimoja. Unarudisha herufi, unatoka, unaingia tena, unatazama. Zikikaa sawa unaandika kwenye daftari la jalada la kijani: tayari. Ndipo unarudisha kingine. Na stoo hukuifuta hata mara moja. Ulikuwa mtu wa kutunza, hata maboksi ya wino yaliyokwisha niliyatupa kwa kificho.

Na nadhani unakumbuka siku tuliyotoka hospitali wote wawili na karatasi za presha mkononi. Tulicheka njia nzima kwamba hata ugonjwa tunachangia. Tulipofika ukaniandikia kumbusho, faili dogo tu, ukaliweka kwenye ile folda ya vitu vinavyojiwasha vyenyewe kompyuta ikiwaka. Ikifika saa nne, mimi niko dukani nimekupokea zamu, kisanduku kinatokea katikati ya kioo: "Mama Rukia, dawa. Usiniambie baadaye." Maana baadaye lilikuwa neno langu. Kisha ukaniinukia kwenye kiti, ukaniambia na mimi nikuandikie lako, la saa moja, unapofungua duka wakati mimi niko uani na vitumbua. Niliandika kwa vidole viwili, nikitafuta kila herufi. Niliandika: "Baba Rukia, na wewe. Sikuoni lakini najua hujameza." Ukasema hiyo ni lugha ya mahakamani. Lakini hukubadilisha hata nukta.

Sasa nikwambie yaliyotokea.

Nilipofungua duka baada ya eda, siku ya kwanza, saa nne kamili kisanduku changu kikatokea. Mashine haikuambiwa kwamba umekufa. Nilikwenda ndani nikameza, nikarudi nikaendelea na kazi. Kesho yake hivyo hivyo. Lile lako la saa moja sikulifikiria, kwa sababu siku hizi nafungua saa tatu, mwili hauamki. Kwa hiyo kila siku nilikuwa nikipata sentensi mbili kutoka kwako, na hizo zilinitosha. Sisemi zilinifurahisha. Nasema zilinitosha.

Mwezi uliopita akaja Bi Kidawa wa Mlingotini, mwenyekiti wa akina mama wanaolima mwani. Alitaka kujaza maombi ya kikundi chao kwenye mtandao, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa umekaribia. Ukurasa ukakataa kufunguka. Ukaandika kwamba kivinjari changu ni cha zamani mno. Nilijaribu mara tatu. Bi Kidawa akakunja karatasi zake polepole, akasema si neno, atarudi, na nilijua anasema hivyo ili nisione haya. Akaja mwingine, ikawa hivyo hivyo. Nikampigia Rukia huko Lugoba. Akaniambia mfumo umepitwa na wakati, lazima upandishwe, nifute tu vya zamani nianze upya, na dawa nitege alamu kwenye simu. Nilimjibu kwamba simu hainijui. Nikasikia wanafunzi wake nyuma wanapiga kelele.

Nilichoogopa kilikuwa kimoja. Niliogopa nitapandisha toleo halafu saa nne ifike na kioo kiwe kitupu. Koti nililigawa. Kiti hiki wateja wamekikalia. Kilichobaki kinachosema na mimi kwa jina langu, kwa maneno yako, kilikuwa ni faili moja ndani ya folda iliyofichwa.

Jumamosi ya wiki ile nilifunga mlango mapema nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Daftari la kijani mbele yangu. Nikabonyeza Ctrl na H, nikaibadilisha .config jina nikaiita stoo-3, kwa kuwa zako ziliishia mbili. Nikanunua bando kubwa, nikaacha ishushe toleo jipya, nikaenda kuswali adhuhuri, nikarudi bado inashusha. Ilipoamka upya sikuijua. Herufi ndogo kama sisimizi, saa iko juu katikati, na picha ya milima ambayo sijui ni ya wapi. Nikaanza kurudisha. Herufi, nikatoka, nikaingia, sawa, nikaandika tayari kwa mkono wangu chini ya mwandiko wako. Printa, tayari. Kamusi, nikaandika Kidawa kujaribu, haikupiga mstari, tayari. Mwisho nikarudisha kumbusho langu, nikafunga nikalala.

Jumapili nilikaa mbele ya kioo kuanzia saa tatu na nusu. Ikafika saa nne. Ikapita. Nne na dakika tano, nne na robo. Kimya. Nilifungua faili lenyewe, maneno yako yamo yote, ila hayatokei. Sikulia. Nilikaa nimeweka mikono mapajani, ndani mwangu hamna kitu.

Halafu nikakumbuka kwamba na wewe ulipandisha toleo miaka miwili iliyopita na kumbusho langu lilivuka salama. Kwa hiyo kulikuwa na kitu ulichofanya. Nikafungua stoo-2, ile uliyoiweka siku hiyo, nitazame lilivyokuwa kabla. Ndani ya folda ya vinavyojiwasha kulikuwa na mafaili mawili. Dawa-mama na dawa-baba.

Nikarudi kwenye stoo-3, ile niliyoiweka mimi jana yake, yenye mipangilio tuliyoitumia mpaka siku uliyoanguka kwa presha. Humo lilikuwemo moja tu. Langu.

Nikavuta daftari nikatafuta ukurasa wa siku ile. Umeandika herufi, tayari. Printa, tayari. Kamusi, tayari. Dawa ya Mama Rukia, haitokei, programu ya kisanduku haiji na toleo jipya, iwekwe upya. Na jina la programu umeliandika pembeni, umelipigia mstari. Halafu: tayari. Mstari wa mwisho umeandika: Dawa yangu, baadaye.

Chini yake hamna kitu.

Miaka miwili, Baba Rukia. Miaka miwili kila mchana nakupakulia wali nakuuliza, na wewe unanijibu, "Nimeshameza," na mimi naamini, kwa sababu nilijua maneno yangu yanakutokea kila asubuhi. Hayakuwa yakikutokea. Ulihangaika na langu mpaka likakaa sawa, lako ukaliacha stoo. Nikaikumbuka ile karatasi ya vidonge kwenye koti la kijivu. Nilimdanganya mtoto, na nilijidanganya na mimi, na nadhani nilijua wakati ule ule nilipokuwa nakunja.

Nilitaka nikukasirikie. Nilikaa nikaisubiri hasira, haikuja. Sijui kama ulisahau, au mteja aliingia ukainuka, au uliona aibu kusemwa na mke kila asubuhi, au dawa zilikuwa zinakuchosha na hukutaka nijue. Ningekuuliza, ungesema nimeshameza. Ninachojua ni kwamba nilikuwa uani, hatua kumi na tano kutoka hapa, na sikupita hata asubuhi moja kuchungulia. Niliiachia mashine kazi yangu. Hilo ndilo linaloniuma, na linaniuma kwa mbali, kama jino lililochomwa sindano.

Programu ya kisanduku nimeiweka, kama ulivyoandika. Jumatatu saa nne kumbusho langu likatokea, nikameza. Bi Kidawa alirudi, ukurasa ukafunguka, maombi ya kikundi yakaenda. Akanikumbatia. Nikamwambia ashukuru daftari.

Na lako nimelitoa stoo nikalirudisha mahali pake. Nilichukua kalamu, nikaenda kwenye ule mstari wako wa mwisho, mbele ya neno baadaye nikaandika tayari. Rukia sijamwambia kwa mdomo. Atasoma humu, maana barua hii siifichi, sikuiwekea nukta mbele ya jina la faili.

Pumzika, mume wangu. Mola akupanulie ulipo, na akusamehe ulilonificha, nami nijaaliwe kusamehewa kwa nililoacha kutazama. Siku hizi nafungua duka mapema tena. Inapofika saa moja kisanduku kinatokea: Baba Rukia, na wewe. Sikuoni lakini najua hujameza. Kina kitufe kimoja tu chini, kimeandikwa Sawa. Nakubonyezea mimi.

Mkeo,
Mama Rukia