Yaya, Map Haibishi Hodi

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Tangu uolewe Dilolo, benchi letu la nyuma ya nyumba limekuwa la kuanikia sufuria. Bado nakaa pale na kompyuta uliyoniachia, malori ya shaba yakinguruma barabarani, na nakukumbuka ukinifundisha kuandika programu kwa lugha ya Python.

Mama alikuwa akikaanga mikate. Ulinionyesha beseni la unga: kila donge linaingia kwenye mafuta, mkate unatoka, na kitu kingine chochote hakiguswi. Hiyo ni amri ya map, ulisema. Kisha ukanikumbusha tunavyoingia kwenye kilio. Unampa mkono kila mtu, mmoja mmoja, bila kumruka yeyote, na ukimaliza hubebi chochote. Lakini wote wamejua umefika. Hiyo ni kazi ya kitanzi cha for. Mimi niliyezoea kujificha nyuma ya kitenge chako niliinama, nawe ukacheka: "Weye uko wa map tu."

Ulipoondoka nilirithi programu yako ya kuwaita wanakwaya kwa ujumbe wa simu. Tata Donatien, mwalimu wa kwaya, hakufurahi. Alisema kazi hiyo inataka mtu anayezungumza na watu. Angenijaribu mara moja, kwa mazoezi ya mazishi ya Mama Hortense. Nikishindwa, angempa mwingine.

Niliiandika upya kwa map, kwa sababu ilikuwa mstari mmoja, mzuri kuutazama, nikaiendesha. Siku ya mazoezi nilimkuta Tata Donatien kanisani peke yake na kinanda chake. Hakuna aliyepata ujumbe. Sikuweza kuwatumia upya: betri ya kompyuta yetu imekufa, haiwaki bila umeme, na umeme ulikuwa umekatika.

Nikaenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Huwezi kuingia uani ukatoa habari na kuondoka, kwa hiyo nilisalimia bibi, shemeji, wageni, hata fundi aliyekuwa juu ya bati. Mama Charlotte alinishika mkono, akakataa kuuachia, akawaita wanawe: "Kuyeni muone. Kumbe huyu anasemaka!"

Hawakuja wote, ila waliokuja walitosha kuimba. Tata Donatien alifunga kinanda na kuniambia, bila kunitazama, "Na ya kesho utawaita weye."

Umeme uliporudi nilitafuta kosa kila mahali. Programu haikuwa imeharibika. Map ya Python inangoja. Haigusi hata jina la kwanza mpaka mtu aombe matokeo yake. Hakuna aliyeyaomba. Niliweka for, ujumbe ukaenda.

Lakini sikuinuka kwenye benchi. Tangu uondoke nina mambo mengi ya kukwambia, na kila unapopiga simu nangoja uniulize. Unauliza habari za Mama, za shule, muda unakwisha.

Leo hujaniuliza, Yaya, nami nasema. Nyumba imekuwa kubwa mno. Njoo hata kwa siku chache.

Ni mimi, mdogo wako