Namba Niliyompa Mama Kijacho

Nyumba ya tatu nyuma ya Hospitali ya Wilaya,
Jumapili, 9 Juni.

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima na kazi haikuchoshi kupita kiasi. Mimi sijambo, ila magoti yamekuwa makaidi. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Tangu mkaza mjomba wako atutoke, sina wa kunihimiza nishike kalamu.

Umeniuliza kama umlete mama yako atibiwe moyo hapa, ilhali yeye hataki, kwa kuwa hospitali za serikali sasa zimeunganishwa kwa kompyuta. Anauliza, akipotea humo ndani, nani atamtafuta. Swali la dada yangu ni la haki, nami nitalijibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la dirisha la dawa, namba mkononi. Kando yangu aliketi mama kijacho, miguu imevimba, na namba yake ilikuwa mbali mno. Unajua tulivyolelewa. Nilimwomba tubadilishane; akaitwa, akapewa mfuko, akaenda zake. Nilijiona muungwana kwelikweli.

Zamu yangu ilipofika, mfamasia alitazama kioo cha kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"Hongera, mzee. Hapa naona una mimba ya miezi saba."

Benchi zima lilicheka, nami nikacheka nalo, mpaka nilipoona mfamasia mwenyewe hacheki tena. Mfuko aliouchukua yule mama ulikuwa na vidonge vyangu vya presha, ambavyo mjamzito hapaswi kuvigusa.

Enzi za mafaili tungekuwa bado tunapekua makabati, naye angefika kwake na kumeza. Safari hii mfamasia alibonyeza kidogo tu, jina na simu ya yule mama vikatokea, akampigia. Alikuwa kituo cha basi, mfuko haujafunguliwa. Aliporudi nilimwomba radhi mfululizo, hadi akaniambia, "Baba, inatosha. Nipe dawa zangu niwahi basi."

Mganga mkuu hakunigombeza. Aliagiza kila mtu aulizwe jina kabla ya kukabidhiwa dawa, na atakaye kumpisha mwenzake amwambie karani, abadilishe kwenye kompyuta. Ila wauguzi sasa wananiita Mama Kijacho. Mwambie mama yako. Najua atacheka wiki nzima.

Basi mlete bila wasiwasi. Vipimo alivyofanyiwa huko kwenu, daktari wa hapa ataviona vyote. Hatalazimika kuusimulia upya ugonjwa wake kama shahidi mahakamani. Na akipotea, atatafutwa, kama alivyotafutwa yule.

Mimi nitaketi naye benchi moja. Hata askofu akija akichechemea mbele yetu, nitamwomba radhi kwa heshima zote, lakini namba ya dada yangu sitampa mtu.

Nisalimie mkeo, watoto, na binamu yako fundi saa. Mama yako mshike mkono kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu awatangulie njiani na awafikishe salama.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukusubiri.