Nukta Iliyotoka Bandarini Peke Yake

Kisiwa cha Wang'an,
Penghu.
9 Aprili.

Mpendwa mpwa wangu Siu-bi,

Nakusalimu wewe na baridi yenu ya Kanada. Mguu umepona? Mama yako ana kikohozi. Mimi bado nabeba injini ya boti begani. Baba yako yu hai, anakula. Natanguliza hilo kwa sababu utasikia mengine.

Unajua kila boti ina kisanduku kinachowaonyesha askari wa pwani iliko. Baba yako alitamani samaki wa hifadhi ya bahari, tulikokatazwa kuvua. Akakifungua chake kutoka botini, akakiacha hapo bandarini kwenye kijumba cha Ndugu Wema, wale wafu wa baharini wasio na majina tunaowaletea mifupa yao nchi kavu. Akawachomea ubani. "Wakubwa, nishikieni hiki, narudi sasa hivi." Kwenye skrini ya askari akaonekana bado yuko bandarini.

Ukungu ukashuka, hakurudi. Asubuhi tukaenda na mama yako kwenye kituo cha askari wa pwani. Afisa Tseng akatugeuzia skrini.

"Mama, mumeo huyu hapa bandarini. Labda amekukimbia."

"Akinikimbia hubeba chakula kwanza. Mtafuteni."

Hapo nukta ya boti yake kwenye skrini ikasogea. Haikupita mlango wa bandari. Ilipenya ukuta wa mawe, mwendo wa mtu atembeaye, mpaka ndani ya hifadhi, ikasimama. Tseng akachukua funguo za boti ya doria. Askari wake wote waliogopa kuifuata, nikashika usukani mimi.

Tulimkuta baba yako juu ya mwamba, boti yake imezama nusu.

"Shemeji," akaniambia, "mbona umekaa pale tangu jana umenipa mgongo, nguo zinachuruzika, nakuita huitiki?"

Nami ndiyo kwanza nafika. Pale alipoonyesha, kwenye ufa wa jiwe, palikuwa na mfupa wa paja la mtu.

Hifadhini hakitolewi kitu, hata kombe. Baba yako akakaa chini. "Siondoki bila yeye." Maji yalikuwa yanajaa. Tseng akavua koti lake, akaufunga mfupa humo.

Kisanduku tulikikuta palepale kijumbani, kinatoka maji ya chumvi. Leseni ya baba yako imechukuliwa, na hakubisha.

Bandarini Tseng alijaza fomu. Penye idadi ya waliookolewa aliandika mmoja. Akalitazama koti mapajani mwa baba yako, akakata, akaandika wawili.

Msalimie mumeo Kian-bing na mtoto. Mazu, mama wa bahari, awafunike huko ugenini.

Mimi mjomba wako akupendaye,
A-gi