Mama Aliyeninyamazisha

Kisangani, siku ya ine

Bon, nimechagua. Mushauri wa masomo wa binti yangu Zawadi atakuwa yule mama aliyenifunga kinywa. Mimi, niliyebishana na wachuuzi wa Dubai mpaka wakaniletea chai!

Mushauri wa kwanza, wa commune ya Makiso, alinipendeza. Tai shingoni, Kifaransa kitamu. Nilimuambia Zawadi atasoma Kilatini, awe avocat, mutetezi wa watu kortini. Akajibu: "Absolument, papa, kabisa." Mutoto mwenyewe, yule bwana hakumuangalia hata kidogo.

Leo kwa yule mama nikaanza hotuba ileile. Akainua mukono.

"Papa, pole. Nani anaenda kusoma, wewe ao yeye?"

"Yeye, lakini mimi ni..."

"Alors, tumusikilize yeye."

Nikanyamaza. Bibi yangu, Mama Zawadi, angeona, angepiga vigelegele.

Kisha Zawadi, mutoto anayenong'ona hata akiomba chumvi, akamuambia yule mushauri wazi: "Mama, nataka électricité. Ile radio ya papa, ni mimi niliitengeneza."

Kumbe! Na mimi nimewaambia majirani wote kwamba radio ya Dubai inajiponya yenyewe.

Naogopa, siwezi kudanganya. Vijana watamucheka, musichana peke yake kati yao. Na umeme hauna huruma. Lakini mutoto aliyeficha ufundi namna ile chini ya kelele zangu...

Kurudi, nikaelezea ufundi wa Zawadi kwa mwenye pikipiki, muuza ndizi, na papa moja nisiyemujua. Zawadi akanivuta shati: "Papa, inatosha, watu wote wanajua."

Wote wapi? Ndugu zangu wa kule Banalia bado hawajasikia.