Saa Niliyoibadilisha Mimi

Mardhiya shoga'angu, nimefungiwa ofisini na bosi wangu, Mzee Nyange. Siku ya Ijumaa! Na aliyetufungia ni mimi mwenyewe!

Unawajua kina mama wa kliniki, ukiwaandikia 8:00 wanakuja saa nane mchana. Basi asubuhi nikaibadilisha saa ya mfumo wa kompyuta unaowatumia ujumbe, ihesabu Kiswahili.

Mzee kaniuliza, "Ruweida, umeangalia nini chengine kinaitumia saa hiyo?" Nikamjibu, "Kitu kidogo tu, Mzee." Kitu kidogo! Nilijaribu ujumbe wa kina mama, basi.

Kumbe mlango wa umeme nao unaisoma. Sasa ni saa saba mchana, wenyewe unasoma 7:00, unadhani asubuhi. Haufunguki mpaka usome 8:00, muda wa kufungua ofisi, yaani saa nane. Saa hizo Ijumaa ishasaliwa, wallahi!

Kuibadilisha niliweza, lakini mwenye ruhusa ya kurudisha saa ya zamani ni Hafidh fundi wetu peke yake, na yuko msikitini, simu kazima.

Mzee hakunigombeza. Bora angenigombeza! Kanipa karatasi niandike kila kinachoitumia saa ile. Nimefika cha kumi na moja, na bado.

Yeye katandika mswala nyuma ya kiti changu, kasali adhuhuri peke yake.

Sasa yumo kwenye dua. Jina langu nishalisikia mara mbili.