Baba wa Kwenye Simu

Jumatatu, 3 Machi

Leo kaka amemleta marehemu baba nyumbani. Kwenye simu! Alikusanya sauti zote alizotutumia baba enzi za uhai wake, hata za kwenye simu yangu. Aliniomba mwezi uliopita, eti kumbukumbu ya wajukuu. Kumbe kailisha programu fulani, na sasa inaongea. Unauliza, baba anajibu. Kikohozi chake kimo. Ile “enhe” yake pia imo.

Mama alilia. Kisha akaivutia kiti. Simu, kiti!

Nilirudi chumba cha mbele kwenye cherehani yangu, nikashona sketi ya mteja ndani nje. Nimefumua yote.

Jumatano, 5 Machi

Mama anaongea nayo tangu chai ya asubuhi. Magoti yanavyouma, jirani aliyesogeza uzio, yote anaisimulia. Nayo inaitikia: kweli mke wangu, pole mke wangu. Baba gani huyo? Baba yangu alianza na hapana, ndipo akauliza unataka nini. Nilipoomba kujifunza ushonaji alisema hapana. Baadaye akaja na cherehani begani, amenuna, akaitua hapa ilipo na kwenda zake.

Nikamwambia mama ile ni mashine, haimjui. Hakukasirika.

“Mwanangu, maisha yangu yote baba yako alinijibu kwa mgongo. Sasa ananisikiliza. Niache.”

Nikarudi kwenye cherehani. Nimekasirika zaidi kwa sababu hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejua kwa nini tumeletewa baba!

Wifi ndiye aliyeropoka jikoni. Wamepata mnunuzi wa nyumba. Mama atahamia kwao, chumba cha nyuma. Mimi nitajitegemea — maneno yao hayo. Na mama alishakataa katakata tangu msiba! Basi leo mchana kaka kaweka simu mezani, kauliza kwa adabu zote: Baba, mama amechoka na ngazi hizi, si bora tuuze nyumba?

“Ndiyo, mwanangu. Uzeni.”

Mama akainamisha kichwa. Akasema kama baba yenu ameamua, basi.

Nilimwita kaka mwizi, mbele ya mkewe. Akasema naogopa maendeleo, dunia nzima inakwenda huko, mimi nimeng'ang'ania cherehani ya miguu. Maendeleo! Simu hiyo hiyo inasoma sukari ya mama kila asubuhi, na naishukuru. Lakini sukari haijawahi kumwambia mama auze nyumba. Kaka anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe ni koo la baba.

Jumapili, 9 Machi

Nimevunja sindano.

Jumanne, 11 Machi

Mnunuzi yumo ndani sasa hivi! Anapima ukumbi kwa tepu, kaka kamshikia ncha. Karatasi ziko mezani. Mama yuko chumbani anatafuta miwani. Kabla ya kuingia alinipa simu, nimuulize baba mara ya mwisho, asije akalalamika kwamba hakuulizwa.

Nimekuja nayo hapa kwenye cherehani. Nilitaka kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Badala yake nikaifokea: Baba, nyumba hii isiuzwe, sivyo?

“Ndiyo, mwanangu. Isiuzwe.”

Hivyo hivyo! Bila hata kukohoa! Nikageuza swali: tuiuze? Ndiyo, mwanangu. Nikageuza tena. Ndiyo, mwanangu. Mtu asiyejua kusema hapana hajawahi kuwa baba yangu.

Niende kumwambia mama hivyo? Nilishamwambia, akaniomba nimwache. Lakini nikiiweka mbele yake na kuuliza mimi, kabla kaka hajauliza, ataamini. Hatatia saini. Nyumba imepona. Kwa uongo uleule wa kaka, kwa sauti ileile ya baba. Namchukia kaka kwa kunifikisha hapa! Na simu sijaiweka chini.

Tepu imefika mlangoni kwangu. Mnunuzi anauliza cherehani hii inatoka lini.

Mama amepata miwani. Amekuja, ameketi karibu yangu, anauliza baba amesemaje. Nimemwambia subiri kidogo mama, namalizia kuandika.